Darubini ya “mara 525” ya laki mbili na themanini, na tovuti ya bure iliyoniumbua

Wakuu naleta mrejesho wa ile darubini niliyowasumbua watu wiki nzima kabla sijanunua. Nimekaa nayo miezi mitatu sasa kwaiyo naongea kitu nakijua, sio zile sifa za siku ya kwanza mtu bado ananusa boksi. Alafu nitaongelea na kitu kingine ambacho sikulipia hata mia, tovuti inaitwa ESASky, maana hivi viwili nilijikuta navishindanisha bila kupanga na matokeo hayakwenda nilivyotegemea.

Nianze na kilichonituma. Mi ni fundi friji, sayansi niliishia kidato cha nne, ila kuna swali liko kichwani miaka mingi: zile nyota kubwa, kubwa kwelikweli, zinazaliwaje? Nyota ya saizi ya Jua letu imeelezwa sana, wingu la gesi na vumbi linajibana kwa uzito wake lenyewe, katikati panapata joto, moto unawaka, basi. Lakini ukianza kupanda kwenye nyota zenye uzito mara 8 ya Jua kwenda juu mambo yanagoma, kwasababu hizo zinawaka kabla hazijamaliza kula. Yaani huko katikati haidrojeni inaanza kugeuka heliamu wakati gesi bado inaporomoka juu yake, na mwanga wake ni mkali mpaka unalisukuma vumbi lirudi nje, na vumbi linaondoka na gesi. Sasa kama unasukuma sahani mbali na mdomo unanenepaje? Na zipo zilizonenepa mara 30, mara 50, mpaka mia na kuendelea. Nikajisemea ngoja ninunue darubini nikajionee mwenyewe. Ruksa kucheka.

Nilinunua onlaini, duka silitaji. 280,000 na boda 5,000. Kwenye boksi wameandika kwa maandishi ya dhahabu MARA 525 na wameweka picha ya nebula (wingu la gesi na vumbi huko angani) ya rangi zambarau na kijani, ukiiangalia unaona kabisa kuwa usiku huo huo utakuwa unaongea na Mungu. Ndani kuna bomba lenye lenzi ya mbele ya milimita 70, fokasi (umbali kutoka lenzi mpaka mwanga unapokutana) milimita 700, lenzi mbili za kuchungulia (ya 20 na ya 4), kidude cha kuzidisha mara 3, na stendi ya alumini ambayo ukiipumulia inatikisika. Skrubu ya mguu mmoja ilikuwa imeliwa tangu kiwandani. Nikawapigia, yule dada akaniambia “kaka angu jaribu kuikaza taratibu”. Nimeikaza taratibu miezi mitatu.

Hiyo mara 525 sio uongo wa moja kwa moja, ni uongo wa kihesabu. Unachukua 700 unagawa kwa 4 unapata 175, unazidisha mara 3, unapata 525. Lakini lenzi ya mbele ndo inayoamua mwanga kiasi gani unaingia, na kanuni inayotumika na wanaozijua hizi kazi ni kwamba ukizidisha milimita za lenzi mara mbili ndo umefika mwisho. Mara 140 hivi kwa hii yangu, na hiyo ni siku anga imetulia. Ukipita hapo unakuza ukungu, ni sawa na kuzumu picha ya paspoti ya mtu mpaka sura inageuka uji. Kwaiyo kile kidude cha mara 3 kimekaa kwenye droo na funguo zilizopoteza makufuli.

Nikiwa muungwana lakini, kwa ile lenzi ya 20 (mara 35) kitu kinapiga kazi. Mwezi unatoka safi mno, mashimo na vivuli vyake. Jupita nimeiona na miezi yake minne imejipanga, majirani wakapanga foleni, mzee wa nyumba ya tatu akanishikisha fimbo yake kabisa ili ainame vizuri. Hayo tuyaache, sikununua kwa ajili ya hayo.

Nilinunua kwa ajili ya Orioni, ile inayotajwa kwenye kitabu cha Ayubu pamoja na Kilimia. Zile nyota 3 zilizopanga mstari unazijua, miezi ya Desemba mpaka Machi usiku zinakuwa karibu na utosi hapa kwetu. Pembeni ya huo mstari kuna kijistari kingine kidogo kinaning'inia, katikati yake kuna kitu kina ukungu. Huo ukungu ndo Nebula ya Orioni, M42, kiwanda cha nyota kubwa kilicho karibu na sisi kuliko vyote, na huo ukaribu ni kama miaka ya nuru 1,300, yaani mwanga ulioingia kwenye jicho langu ulianza safari Kilwa haijawa Kilwa.

Wiki ya kwanza sikuona kitu cha maana, taa za mtaa, taa za baa, moshi wa chips. Siku moja umeme ukakatika mtaa mzima na kwa mara ya kwanza maishani nikashukuru. Nikatoa stendi uani, nikahangaika dakika ishirini kulenga, alafu ikaingia. Ukungu wa kijivu kama pumzi kwenye kioo, umefunguka kama mbawa, na katikati nyota NNE ndogo zimekaa pamoja kama mayai kwenye kiota. Rangi hakuna, zambarau ya kwenye boksi isahau, jicho la binadamu kwenye mwanga hafifu halishiki rangi. Lakini zile nne, aisee. Ile kali kuliko zote inaitwa Theta-1 Orionis C, ina uzito zaidi ya mara 30 ya Jua, na hiyo moja ndo inayowasha sehemu kubwa ya ule ukungu wote.

Nikamwita binti yangu yuko kidato cha pili. Akachungulia muda mrefu, akauliza, “Baba, hizi ndo zinazaliwa sa hivi?” Nikamjibu ndio mwanangu, kwa sauti ya mtu aliyelipa 280,000. Kesho yake akarudi na simu, “Baba ulinidanganya, hizi zimeshazaliwa, zimeshapasua wingu na kutoka. Zinazozaliwa ziko kwa nyuma, huwezi kuziona na ile yako.” Ndo akanionesha ESASky.

Sasa hii ESASky ni ya shirika la anga la Ulaya, wanaiendesha kutoka kituo chao karibu na Madrid, ipo tangu 2016. Hakuna kujisajili, hakuna kulipa, unafungua kwenye brauza unaandika jina la kitu na anga yenyewe inajizungusha mpaka pale. Uzuri wake mkubwa ni kubadilisha ramani. Anga ile ile, mahali pale pale, unaiangalia kwa mwanga wa kawaida, alafu kwa infraredi (mwanga ambao jicho halioni), alafu mawimbi marefu zaidi, redio, eksirei, unateleza kutoka moja kwenda nyingine kwa kidole. (Kwenye eksirei hapo watu wa pwani tuna la kujivunia: satelaiti ya kwanza kurushwa mahsusi kupima eksirei za angani iliondokea kwenye jukwaa la baharini pwani ya Malindi tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, na ndo maana ikaitwa Uhuru.)

Andika M42. Ramani ya kwanza ni ya mwanga wa kawaida, imetengenezwa na zile sahani za picha za zamani zilizopigwa Marekani na Australia, na pale katikati pa nebula pameungua weupe mtupu, hata zile nne huzioni. Weka ramani ya 2MASS, hii ni ya infraredi, ilipigwa 1997 mpaka 2001 na darubini mbili, moja Arizona nyingine Chile. Weupe unayeyuka! Nyota zinajitokeza kila kona, na ukiangalia kidogo tu upande wa kaskazini magharibi ya zile nne utaona nukta nyekundu nzito. Mimi niliirukia nukta hiyo nusu saa nzima, nabadilisha ramani, ipo, haipo, ipo, haipo.

Hiyo nukta ina historia. Katikati ya miaka ya sitini huko California, Eric Becklin, wakati huo bado mwanafunzi, na Gerry Neugebauer walikuwa wanapima Orioni kwa infraredi wakakuta kitu kinawaka vibaya sana mahali ambapo kwa mwanga wa kawaida hapana kitu. Mpaka leo kinaitwa kwa majina yao, BN. Ni nyota kubwa changa imefichwa na vumbi. Namna infraredi inavyopita vumbi nilimwelezea mama watoto hivi: jirani akifungulia mziki, maneno ya wimbo huyasikii lakini besi inapita ukuta mpaka kitandani. Mwanga wa kawaida una mawimbi mafupi unagonga chembe za vumbi unapotea, infraredi ina mawimbi marefu inajipenyeza. Hapo ndo nilielewa kwanini hata ningenunua darubini ya milioni tatu ningeambulia kuta nzuri zaidi tu.

Na ukishaanza hutoki. Andika G11.11-0.12, weka ramani ya Spitzer (darubini ya infraredi ya NASA, ilifanya kazi angani 2003 mpaka 2020). Utaona mstari mweusi umejikunja kama nyoka mbele ya mwanga, na wenyewe wanaliita hivyo hivyo, Nyoka. Ni wingu zito na baridi kiasi kwamba hata hiyo infraredi inakwama. Sasa badilisha uweke ramani za Herschel (darubini ya angani ya hao hao Ulaya) zenye mawimbi marefu zaidi, lile jeusi linageuka ndo linalong'aa, kwasababu sasa unaona joto kidogo la vumbi lenyewe. Nyota kubwa nyingi zinaanzia kwenye mawingu ya namna hii, na kabla ya miaka ya tisini mwishoni mwishoni watu walikuwa hawana habari kabisa kama yapo, mpaka satelaiti za infraredi zilipoyaona kama vivuli.

Shida ya wataalamu wa nyota iko hapa, na mimi niliichukulia poa kabla. Nyota kubwa ni chache. Ziko mbali, nyingi maelfu ya miaka ya nuru. Zinazaliwa haraka, laki moja ya miaka hivi, ambayo kwa nyota ni chap chap. Na zinazaliwa kwa makundi, zimebanana. Kwaiyo huwezi kukaa ukaangalia moja kutoka mimba mpaka inatembea, inabidi uokote nyingi kila moja iko hatua yake alafu upange, kama mtu anayetaka kujua binadamu anavyokua kwa kuangalia picha moja ya daladala iliyojaa.

Kuzitenganisha hizo zilizobanana ndo kazi ya ALMA, darubini ya mawimbi ya redio yenye sahani 66 juu ya jangwa la Atacama, Chile, mita 5,000 kutoka usawa wa bahari, zinaweza kutawanywa mpaka kilomita 16 na bado zikafanya kazi kama jicho moja. ESASky inakuonesha vibox vya sehemu ambazo ALMA imeshapiga, unabonyeza. ALMA inasikiliza molekyuli. Kila molekyuli ina masafa yake ya kurushia mawimbi, kama stesheni ya redio, na kama gesi inakuja upande wetu masafa yanapanda kidogo, ikiondoka yanashuka, kwaiyo upande mmoja ukikuja na mwingine ukiondoka unajua pale kuna diski, yaani duara bapa la gesi na vumbi, inazunguka. Ndani ya Orioni, jirani kabisa na BN, kuna nyota nyingine imejificha inaitwa Source I, na kwenye diski yake 2019 walitangaza kukuta chumvi. Chumvi ya mezani wakuu, sodiamu kloraidi, iko kwenye hali ya gesi! Binti alicheka siku nzima, “kumbe nyota nayo inaungwa”. Ila kwa wale wataalamu chumvi ni dhahabu, maana molekyuli nyingine zimetapakaa kila mahali zinachanganya, hii ya chumvi imekaa pale pale kwenye diski, kwaiyo unapima mzunguko wake na kutoka hapo unapata uzito wa nyota, mara 15 hivi ya Jua.

Na hizo diski ndo jibu la swali langu la kusukuma sahani. Fikiria sufuria inachemka imefunikwa, mvuke unarusharusha mfuniko. Ukiuachia upenyo mvuke unatokea hapo na mfuniko unatulia. Gesi inaingia kwa kupitia diski kiunoni mwa nyota, na mwanga unatokea juu na chini kwenye ncha ambako njia imeshasafishwa. 2009 Mark Krumholz na wenzake walifanya hesabu kwenye kompyuta wakaonesha kwamba nyota inaweza kuendelea kunenepa hivyo, mwanga hauizuii.

Wanachobishania bado ni chakula kinatoka wapi. Kuna kambi inasema kila nyota kubwa imeandaliwa sahani yake tangu mwanzo, bonge la wingu moja linaanguka kwa ajili yake. Kambi ya pili inasema ni sinia moja la shughuli, wote mmelizunguka, aliyekaa karibu na nyama anashiba kuliko wa pembeni. Mimi kwa nilivyoona misiba na harusi za kwetu niko na kambi ya sinia, lakini hoja yangu sio ya kisayansi.

Nyingine iliyonifurahisha ni habari ya meiza, yaani kama leza ila ya mawimbi ya redio, inajitokeza yenyewe kwenye gesi. Karl Menten 1991 aligundua mlio mkali sana wa metanoli (aina ya spiriti) kwenye masafa ya gigahezi 6.7, na huu mlio unapatikana tu kando ya nyota kubwa zinazozaliwa, ndogo hazina. Kwaiyo ni kama filimbi. Na hapa Afrika tumo: Hartebeesthoek, Afrika Kusini, kuna sahani ya mita 26, NASA waliijenga 1961 kufuatilia vyombo vya anga, sasa hivi moja ya kazi zake ni kusikiliza hizo meiza mwaka baada ya mwaka. 2015 ikashika meiza za NGC 6334I, sehemu inayozaa nyota kwenye kundi la nyota la Nge, zinapanda ghafla. ALMA nayo ikakuta vumbi la pale linawaka mara nne ya zamani, wakakokotoa kwamba nyota changa ya pale imeongezeka mwanga mara 70 hivi. Maana yake ilimeza tonge kubwa kwa mpigo. Kumbe nyota kubwa haili uji kwa mrija, inakula matonge. Ghana nao sahani yao ya zamani ya simu za satelaiti pale Kuntunse wakaigeuza darubini, na kati ya vitu vya kwanza ilivyoshika ni hizo hizo meiza za metanoli.

Tukirudi kwenye bidhaa. Mwezi wa pili nilienda kwa wakwe Chamwino nikaibeba, nikaifungia kwenye blanketi ndani ya basi. Giza la kule ni la kweli. Nikamwamkia baba mkwe, nikamtegea, akaangalia M42, akasema “mkwe, huu ni moshi”, akaenda kulala. Lakini upande wa kusini, chini chini, kuna wingu jeupe unaliona hata bila darubini, Wingu Kubwa la Magellan, galaksi nyingine kabisa iko miaka ya nuru 160,000. 2023 timu ya Anna McLeod wa chuo kikuu cha Durham, Uingereza, ilitumia ALMA kuonesha diski inazunguka nyota kubwa changa humo ndani, ya kwanza kuonekana nje ya galaksi yetu. Na cha ajabu, kwa sababu kule vumbi ni kidogo, hii nyota haijafukiwa, inaonekana kwa mwanga wa kawaida. Nililenga nikiwa najua kabisa sitaiona. Niliona doa. Nilikaa na hilo doa mpaka saa saba usiku, mbu wananila.

Alama basi. Darubini: 3 kati ya 5. Lenzi yenyewe ni nzuri kwa hela hiyo, moja kamili nimeikata kwa stendi na nyingine kwa yale maandishi ya 525. Kama una laki tatu na unataka Mwezi, Jupita na zile nne za Orioni, chukua ya milimita 70 yoyote ila shika stendi kwanza uitikise kabla hujatoa hela, na kama wanakataa kufungua boksi ondoka. ESASky: 4 na nusu. Nusu nimeikata kwa sababu Kiswahili hamna na majina ya ramani ukiwa mgeni yanakuacha hewani, ilibidi binti anifundishe. Ramani ni picha nyingi kwaiyo bora uwe na waifai, simu yangu ya RAM 2 ilikuwa inapata moto kama pasi na hilo ni la simu yangu.

Ile skrubu nimeifunga na tyubu ya baiskeli. Inashika.